Data Imejaa Hadi Haionekani: Anza Hivi Kabla Hujanunua Seva

Kila mara naulizwa ati "tununue seva gani, data imetushinda". Mimi nashika data kwa kampuni ya kusambaza bidhaa hapa Kisumu, tuko na depo Kakamega, Bungoma na Busia, na nakwambia seva, ile kompyuta ya kuweka data ya ofisi nzima, haikuwa shida yetu. Shida ilikuwa bei ya sabuni moja iko kwa faili nne na kila faili inasema yake.

Hatua ya 1. Hesabu ulicho nacho. Usiulize watu "mnatumia sistimu gani", watakutajia ile ya kukufurahisha. Uliza "mkitaka kujua mteja ana deni ngapi mnafungua nini?" Sisi tulikuta laptopu za mauzo, flashi ya stoo, magrupu ya WhatsApp na kaunta buku moja imekunjika kama chapati. Andika yote: ni data gani, inakaa wapi, inaongezeka aje.

Hatua ya 2. Kila data ipate mwenyewe. Mtu mmoja, sio idara, manake kitu cha idara ni cha hakuna mtu. Bei ni ya meneja wa mauzo, yeye pekee anabadilisha, wengine wanasoma tu. Hapa jiandae kwa vita, wahasibu wetu walinuna wiki mbili sababu walizoea kuwa na "bei yao", na bila mdosi kusimama nyuma yangu ningeshindwa, sisemi uongo.

Hatua ya 3. Majina ya faili. Achana na "bei mpya mwisho kabisa 2". Anza na mwaka, kisha mwezi na siku, 2025-03-07, zitajipanga zenyewe.

Hatua ya 4. Toka Excel mapema. Shiti moja inabeba mistari 1,048,576, na ile aina ya zamani, .xls, inaishia 65,536 tu. Uingereza mwaka 2020 karibu visa 16,000 vya korona vilichelewa kuingia kwa hesabu juu ya hiyo .xls. PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data nyingi kwa majedwali, ni ya bure, hamia huko. Na wakati wa kuhamisha, namba za simu ziweke kama maandishi la sivyo sifuri ya mbele inaliwa. Pia usitambue mteja kwa namba ya simu, watu hubadilisha laini, na duka moja la Kondele linaweza kukupigia na simu tatu. Mpe namba yake ya mteja.

Hatua ya 5. Punguza. Rekodi za ushuru Kenya zinawekwa miaka 5, lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitaki ukae na habari za mtu kupita unavyozihitaji. Mwenyewe wa data ndiye aamue kufuta. Zinazobaki, nakala tatu, moja iwe nje ya ofisi, na ujaribu kuirudisha kabla stima haijakuonyesha.

Hatua ya 6. Ile iliyo kwa vichwa vya watu. Mzee wetu wa stoo alijua kona gani ya godauni huvuja masika yakishika. Akastaafu, Aprili ikafika, katoni za unga zikalowa. Tukampigia, "Jaduong', mbona hukutuambia?" Akacheka, "Mliniuliza lini?"

Kwa hivyo usimpe mtu kama huyo fomu ajaze. Mwombe ruhusa, kaeni na chai, mrekodi kwa simu dakika kumi, kijana aandike ukurasa mmoja halafu amsomee arekebishe. Ukurasa wetu wa kwanza ni wa ile kona, na tumeubandika hapo hapo ukutani, juu kidogo ya pale maji hufika.