Umewafunga watani wa jadi? Itazame mechi tena ukiwa na kalamu

Chuo kikimfunga mtani wake sekunde ya mwisho, mashabiki hubaki na kipande kimoja cha video wanachokirudia mwaka mzima. Kwa kushangilia kinatosha. Kwa kueleza ushindi ulipatikanaje, hakitoshi hata kidogo. Mfano tutakaoutumia hapa ni mechi ya futiboli ya Kimarekani kati ya vyuo vikuu vya Auburn na Alabama, Marekani, tarehe 30 Novemba 2013, katika uwanja wa Jordan-Hare, mjini Auburn. Alabama walikuwa namba 1 nchini na mabingwa wa misimu miwili mfululizo. Mwaka mmoja kabla yake walikuwa wameichapa Auburn 49–0. Safari hii Auburn walishinda 34–28 kwa mkwaju wa Alabama uliokosa nguzo, Auburn wakaudaka na kuurudisha uwanja mzima, na tangu siku hiyo watu wanazungumzia mbio zile tu.

Tafuta mechi nzima, si muhtasari. Muhtasari hukata mikwaju iliyokosa na majaribio yaliyofeli, na humo ndimo majibu yalimo. Saa ya mchezo ni dakika 60, robo nne za dakika 15, lakini matangazo huchukua zaidi ya saa tatu. Ukiruka matangazo ya biashara na vipindi vya kusubiri, tenga saa mbili. Zima sauti. Mtangazaji anakuambia ushangae wapi, nawe unaacha kuangalia kwingine.

Kwenye daftari chora safu tano: robo na muda uliobaki, jaribio la ngapi na yadi ngapi zinahitajika, mpira uko yadi ya ngapi, kilichotokea, pointi baada yake. Ukijaribu kuandika kila mchezo utachoka kabla ya mapumziko, kwa hiyo andika aina nne tu: majaribio ya nne, mikwaju yote, mipira iliyopotezwa, na makosa yaliyofuta kitu. Kama wewe ni mgeni wa mchezo huu: timu ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Likifika la nne, kocha ana njia tatu: kuupiga mpira mbali, kupiga fildi goli, yaani mkwaju wa kupitisha mpira kati ya nguzo kwa pointi 3, au kujaribu kupita kwa nguvu, na akikwama mpira unakuwa wa wapinzani palepale. Kocha hawezi kuficha hofu yake kwenye jaribio la nne, ndiyo maana tunaanza nalo.

Urefu wa fildi goli usiusubiri kwenye skrini. Chukua yadi mpira ulipo, yaani zilizobaki kufika mstari wa goli, ongeza 10 za eneo la mwisho lililo nyuma ya mstari huo, kisha 7 au 8 ambazo mpira hurudishwa nyuma kabla ya kupigwa. Mpira ukiwa yadi ya 13, mkwaju ni wa yadi 30 hivi.

Sasa soma daftari kutoka chini kwenda juu. Kwenye kila mstari jiulize: kwa nini walijikuta hapa?

Mstari wa mwisho: 28–28, imebaki sekunde 1, Alabama wanapiga fildi goli ya yadi 57. Sekunde ile ilitoka wapi? T.J. Yeldon, mkimbiza mpira wa Alabama, alikimbia yadi 24 akatoka nje ya mstari saa ikisoma sifuri. Nick Saban, kocha wa Alabama, alidai saa irudishwe, waamuzi wakatazama video, wakaona mguu uligusa nje mapema, sekunde ikarudi. Bila dai hilo mechi ingekwenda muda wa nyongeza. Mpigaji naye hakuwa Cade Foster aliyeanza mechi. Alikuwa Adam Griffith, kijana wa msimu wake wa kwanza uwanjani.

Kwa nini si Foster? Panda juu. Alikuwa amekosa wa yadi 44. Baadaye aliingiza mmoja, ukafutwa kwa kosa la kuanza mapema, timu ikarudishwa yadi 5, akarudia kutoka yadi 33 akakosa. Watu wengi wakihesabu mechi hii huusahau huo uliofutwa, kwa sababu hauonekani kwenye ubao wa pointi. Aina ya nne kwenye daftari, ya makosa, ipo kwa ajili ya mambo kama hayo.

Mstari mzito kuliko yote, kwa maoni yetu, uko robo ya nne. Amari Cooper wa Alabama ameshapokea pasi na kukimbia hadi kutimiza yadi 99, na Alabama wanaongoza 28–21. Zimebaki dakika tano na ushee, wako yadi ya 13 ya Auburn, jaribio la nne, yadi 1. Fildi goli ingewapa 31–21, na Auburn wangehitaji kufunga mara mbili. Saban akaamua kukimbiza mpira, Yeldon akakwama. Wengi humlaumu kwa pupa, lakini ukisoma mistari ya juu utaona kocha aliyekwisha poteza imani na mpigaji wake. Haikuishia hapo: Alabama walirudi tena, Foster akapiga wa yadi 44, ukazuiwa. Auburn walikuwa bado nyuma kwa tachidauni moja tu, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho kwa pointi 6, na mkwaju wa pointi 1 baada yake.

Walisawazisha zikiwa zimebaki sekunde 32. Simamisha video hapo. Auburn walikuwa wakikimbiza mpira mfululizo, na kwotabeki wao, mrusha pasi Nick Marshall, akajifanya anakwenda kukimbia tena upande wa kushoto. Mlinzi wa pembeni akapanda kumzuia, Sammie Coates wa Auburn akabaki peke yake nyuma, pasi ikatoka, yadi 39. Mtazame mlinzi, si mpira. Angalia pia wazito wa mbele wa Auburn: kanuni ya vyuo inawaruhusu kupita mstari kwa yadi 3 tu kabla ya pasi kuachiwa, na shabiki wa Alabama atakubishia hapo mpaka usiku.

Mbio za mwisho zitazame mara tatu. Mara ya kwanza fuata mpira tu: umepungukiwa nguvu na unashuka chini ya nguzo. Mkwaju uliokosa ukiwa bado hewani ndani ya uwanja unaweza kudakwa na kurudishwa, na Auburn walijua. Walichukua taimauti, yaani wakasimamisha mchezo kwa muda mfupi, kisha Chris Davis, mrudishaji wao wa mipira, akasimama karibu na mstari wa nyuma. Mara ya pili watazame Alabama. Kikosi cha fildi goli hujengwa kwa watu wazito wa kuzuia, si wa kukimbiza mtu, na wote wameanza wakiwa wamebanana katikati. Mara ya tatu watazame wenzake Davis upande wa kushoto: wanageuka, wanarudi, wanajenga ukuta kando ya mstari. Picha ya kawaida ya televisheni inainuka na mpira na kuukosa mwanzo wa ukuta huo, hivyo tafuta picha iliyopigwa kutoka nyuma ya nguzo.

Makosa ya usomaji ni machache ila yanajirudia. La kwanza ni kulinganisha jumla ya yadi na kudhani aliyezidi ndiye aliyestahili. Yadi hazina thamani moja, na zile zinazoishia kwenye mkwaju uliokosa hazikuleta kitu. La pili ni kumtwisha Foster peke yake mzigo wote. Wa tatu wake ulizuiwa, na hapo kuna mzuiaji aliyepitwa na mchezaji wa Auburn aliyefika. La tatu ni kutumia kanuni za saa za leo kusoma mechi ya zamani: mwaka 2013 saa ilisimama kila timu ilipopata majaribio mapya manne, ilhali tangu 2023 katika ligi kubwa za vyuo husimama hivyo dakika mbili za mwisho za kila nusu tu.

Ukifika kwenye mbio za Davis, andika yadi 100. Alidakia mpira ndani kabisa ya eneo la mwisho, na watu hupenda kusema alikimbia 109, lakini takwimu za vyuo huanza kuhesabu kwenye mstari wa goli.