Kutafuta fedha za mradi wa vijana wa kimataifa kijijini: anza na nauli

Andiko la mradi la kikundi cha kijijini mara nyingi huangushwa na bajeti, na ndani ya bajeti kinachoangusha ni safari. Kwa hiyo hatua ya tatu hapa ni ndefu kuliko nyingine zote. Isome kwanza kama muda ni mdogo.

Hatua ya 1: Jua nani anaruhusiwa kuomba

Soma sehemu ya ustahiki kabla hujaandika hata sentensi moja ya wazo. Mabadilishano ya vijana ya Erasmus+ (programu ya Umoja wa Ulaya ya elimu na vijana, 2021–2027) ni ya umri wa miaka 13 hadi 30, kwa siku 5 hadi 21 bila kuhesabu siku za safari. Mwombaji lazima awe katika nchi ya Umoja wa Ulaya au iliyojiunga na programu, na nchi jirani na Ulaya huingia kama wabia tu. Afrika kusini mwa Sahara haimo. Mlango wake mmoja ni mabadilishano ya mtandaoni, ambako mratibu bado hutoka Ulaya.

Ruzuku za kimataifa za Rotary (mtandao wa klabu za kujitolea) huombwa na klabu au wilaya zake mbili za nchi tofauti, kwa bajeti isiyopungua dola 30,000, na mradi wa huduma kwa jamii hudai tathmini ya mahitaji iliyofanyika kabla ya maombi. Kwa mazingira, napendelea Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF (Mfuko wa Mazingira wa Dunia), iliyoanza 1992, kwa sababu fedha zake huenda kwa vikundi vya jamii vyenyewe.

Hatua ya 2: Pata mbia

Chagua aliyewahi kusimamia ruzuku na kuifunga kwa hesabu safi, hata kama ni mdogo. Kubalianeni kwa maandishi nani anashika fedha na nani anatunza risiti.

Hatua ya 3: Bajeti ya safari

Hesabu kuanzia mlangoni kwa kijana, siyo uwanja wa ndege. Andika kila kipande kwenye mstari wake: nyumbani hadi barabara kuu, barabara kuu hadi mjini, usiku wa kulala njiani, safari ya kwenda kutoa alama za vidole za viza, kisha ndege. Safari ya viza husahaulika kuliko zote, na kwa mtu wa mbali inaweza kula siku mbili au tatu. Kijana ambaye hajafikisha umri wa utu uzima huongeza nauli ya mlezi.

Erasmus+ hailipi kwa tiketi. Hulipa kiwango kilichopangwa kwa umbali wa mstari ulionyooka, kwa makundi kama kilomita 100–499 na 500–1,999. Umbali unaoingizwa ni wa kwenda tu, lakini kiasi kinacholipwa ni cha kwenda na kurudi. Ukiuzidisha mara mbili, bajeti nzima inaharibika. Mstari huo haujui milima wala feri, kwa hiyo kijiji cha ndani huumia. Dawa ipo: kiwango kisipofikia asilimia 70 ya gharama halisi, omba gharama za safari ghali, ambazo hulipwa hadi asilimia 80. Eleza sababu kwenye fomu yenyewe na uwe na makadirio ya nauli ya kila kipande. Viza nazo zina mstari wake wa gharama za kipekee, zisichanganywe na nauli.

Kwa viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya), maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, na bima isipungue euro 30,000. Wawakilishi wa asasi zisizo za faida wenye miaka 25 au pungufu wanaokwenda kwenye shughuli ya kielimu, kitamaduni au michezo iliyoandaliwa na asasi kama hizo hawalipi ada. Barua ya mwaliko iseme hivyo waziwazi, na muda wa pasipoti uangaliwe mapema.

Kisha risiti. Mwenye mtumbwi au pikipiki hana kitabu cha risiti. Andaa hati ya malipo yenye jina, tarehe, njia, kiasi na saini, na muulize mfadhili kwa barua pepe kama anaikubali kabla ya kulipa. Jibu lake litunze.

Mwisho, mtiririko wa fedha. Wafadhili wengi hubakiza sehemu ya mwisho hadi ripoti ipokelewe. Pangeni mapema nani ataziba pengo hilo. Kikundi kisicho na akiba kiache fedha zishikwe na mbia mwenye nayo.

Hatua ya 4: Andika

Andika nje ya fomu, kisha nakili. Bajeti iwe kwenye jedwali la kompyuta lenye fomula, kamwe siyo kwenye karatasi ya maandishi. Kila shughuli kwenye simulizi, yaani maelezo ya mradi, iwe na mstari kwenye bajeti, na kinyume chake.

Hatua ya 5: Tuma

Fomu za mabadilishano ya vijana ya Erasmus+ hufungwa saa 6 mchana kwa saa za Brussels. Tuma siku mbili kabla, hasa kama intaneti yenu hukatika, kisha pakua nakala ya fomu iliyotumwa na kumpelekea mbia.