Namna ya Kuzisoma Sanamu za Nairobi kwa Asubuhi Moja

Mimi huchonga majina kwenye mawe ya makaburi, kwa hiyo usishangae nikikwambia uanze kutazama chini. Wengi wakifika kwenye sanamu hutazama uso, hupiga picha, wakaenda zao. Wewe soma maandishi kwanza, kisha miguu, kisha mikono. Uso uache mwisho.

Nenda Jumapili kabla ya saa tatu. Siku za kazi utasukumwa na mikokoteni.

Anzia Moi Avenue, kwa Tom Mboya, waziri wa Kenya. Alipigwa risasi kwenye barabara hii tarehe 5 Julai 1969, enzi ikiitwa Government Road, na sanamu ikazinduliwa Oktoba 2011. Watazame ndege wa heroe, kisha songa.

Kwa Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, wapiganaji wa uhuru, pale Kimathi Street inapokutana na Mama Ngina Street, tazama mikono: bunduki kulia, kisu kushoto. Ni kazi ya Kevin Oduor, na Rais Kibaki aliizindua 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Kimathi anyongwe. Sisi wa mawe tunaogopa kitu chembamba kinachochomoza. Kisu kile ningekichonga kwenye jiwe kingekatika kabla sijakimaliza. Shaba nyeusi humiminwa kwenye kalibu, ndiyo maana inavumilia.

Sasa panda hadi Kenyatta Avenue, kwenye sanamu ya askari ya mwaka 1928. Hapa tulia. Maandishi yako kwa Kiswahili, Kiingereza na Kiarabu, na maneno yalitungwa na Rudyard Kipling: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Niliwahi kuruka herufi moja kwenye jina la marehemu, familia ikaiona siku ya mazishi, nikalipa jiwe zima kutoka mfukoni. Tangu hapo majina huyasoma mara mbili. Hapa nimezunguka pande zote nne nikitafuta. Hakuna jina hata moja la askari.

Katika watu watatu wa sanamu hii, mtafute asiye na bunduki. Huyo ni mpagazi wa Carrier Corps, waliobeba mizigo ya Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukienda Kariokor kununua kiondo, jina la mtaa huo limetoka kwao.

Jeevanjee ni ya kupitia tu. Alibhai Mulla Jeevanjee aliutoa uwanja huo kwa umma mwaka 1906, akaweka na sanamu ya Malkia Victoria. Mwaka 2015 ikaangushwa, kichwa kikavunjika. Wahubiri wanaohubiri hapo saa saba hawajakosa kitu.

Malizia Uhuru Park, Freedom Corner, kwenye ukumbusho wa Mau Mau uliozinduliwa Septemba 2015 kwa fedha za serikali ya Uingereza. Mama anampa mpiganaji chakula. Usisimame mbele, utaona watu wawili waliokasirikiana. Nenda ubavuni, macho yako yafuate mkono unaotoa hadi mkono unaopokea, kisha ndipo utazame nyuso: kila mmoja ametazama kando. Mmoja akikamatwa na kuteswa, asiwe na sura wala jina la kumtaja mwenzake.