Poncho ya mawimbi ya rangi tano: kuifuma mstari kwa mstari

Poncho hii ni vipande viwili vya mstatili, mbele na nyuma, vilivyo sawasawa. Haina mikono wala kwapa la kupunguza, na shingo haichongwi. Kazi yote iko kwenye wimbi, nakshi ya visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Scotland. Vitabu vya Kiingereza huiita Old Shale au Feather and Fan. Ni mistari minne inayojirudia, na mmoja tu kati ya hiyo ndio wenye hesabu. Aliyewahi kufuma skafu anaiweza.

Vipimo vikikamilika: upana sentimita 83, urefu takriban 70 kutoka begani hadi kwenye pindo.

Uzi

Nunua kwa mita, usinunue kwa gramu. Bonge la gramu 100 la akriliki huwa na uzi mrefu kuliko bonge la gramu 100 la sufu ya unene uleule, kwa hiyo anayehesabu mabonge hukwama begani. Tafuta uzi ulioandikwa DK (unene wa kati) kwenye lebo, rangi tano, kila rangi isipungue mita 240. Soma pia namba ya mchovyo, yaani ya mabonge yaliyotiwa rangi kwa pamoja. Mabonge mawili ya damu ya mzee yenye namba tofauti hufanana dukani, lakini yakishafumwa yanaachana kwa mstari unaoonekana toka mbali.

Kwa baridi ya Limuru au Makete, sufu ndiyo yenyewe. Kwa pwani chukua pamba iliyochanganywa na akriliki. Pamba tupu ni nzito na huvutika kwenda chini, hivyo poncho ya kiunoni inaweza kuishia mapajani.

Kabla ya kuanza, lowesha kipande cha kila uzi, kikunje ndani ya kitambaa cheupe, kaa dakika kumi, kisha fungua. Nyekundu, damu ya mzee na bluu iliyokolea ndizo washukiwa wakuu. Uzi ulioacha doa usikae jirani na rangi ya maziwa.

Sindano, na mtego wa namba

Unahitaji sindano za milimita 5 zilizounganishwa kwa waya wa sentimita 80 au 100. Hutafuma kwa kuzunguka. Utakwenda na kurudi kama kawaida. Waya ni wa kubeba uzito tu, maana vitanzi 150 kwenye sindano ndefu za kawaida hubanana na kuumiza viganja.

Angalia milimita, usiangalie namba. Namba 8 ya Marekani ni milimita 5, lakini namba 8 ya zamani ya Uingereza, ile ya sindano za bibi zilizobaki kabatini, ni milimita 4. Kwa Waingereza wa zamani milimita 5 ni namba 6. Vipimo vyao vinakwenda kinyume: namba ikikua, sindano inapungua unene.

Vingine: sindano ya milimita 6 ya kuanzishia, sindano butu ya kushonea, sindano ya kroshia, pini zisizoshika kutu, na alama tisa. Mrija wa soda uliokatwa vipande vya nusu sentimita hutosha kabisa kuwa alama.

Maneno ya kazi

Pleni ni kitanzi kinachoonekana kama herufi V upande unaoutazama. Pali ni mgongo wake, kile chenye kinundu. "Mbili-pamoja" ni kufuma vitanzi viwili kwa pleni kana kwamba ni kimoja. "Tundu" ni kuleta uzi mbele katikati ya sindano mbili, kisha kufuma pleni inayofuata huku uzi ukipita juu ya sindano ya kulia. Hapo umeongeza kitanzi na umeacha shimo. Katika michoro ya Kiingereza manne haya huandikwa k, p, k2tog na yo, na maneno yaliyo kati ya nyota mbili ndiyo yanayorudiwa. Uso wa kitambaa huandikwa RS, mgongo WS.

Hatua ya 1: sampuli

Usiiruke. Anzisha vitanzi 42: mawimbi mawili ya vitanzi 18 pamoja na vitatu vya ukingo kila upande. Fuma mistari 32 ya nakshi (iko hatua ya 3), funga (yaani malizia vitanzi ili visifumuke), loweka, ibane kwa pini, iache ikauke. Pima vile vitanzi 36 vya katikati. Vinatakiwa kutoa sentimita 20, yaani 10 kwa kila wimbi. Vikitoa 18, panda hadi sindano ya milimita 5.5, vikitoa 22, shuka hadi 4.5.

Sampuli ikishakauka, itundike kwenye kamba kwa vibanio viwili vya nguo, na chini yake ning'iniza vibanio vingine vinne. Iache usiku kucha, upime urefu asubuhi. Ikiwa imerefuka kwa sehemu moja ya kumi, poncho nayo itarefuka hivyo hivyo, kwa hiyo punguza urefu sasa.

Kitambaa kinachomwagika mwilini hakitokani na mchoro. Kinatokana na sindano kuwa nene kidogo kuliko lebo inavyoshauri: lebo nyingi za DK husema milimita 4, sisi tunatumia 5. Ukiikunja sampuli juu ya kidole inatakiwa ianguke pande zote mbili. Ikisimama kama kadibodi, ongeza unene wa sindano hata kama vipimo vimekubali, kisha punguza idadi ya mawimbi.

Wa kubadilisha ukubwa: idadi ya mawimbi mara 18, ongeza 6. Mawimbi 7 ni vitanzi 132, manane ni 150, tisa ni 168.

Hatua ya 2: kuanzisha

Kwa rangi ya kwanza, anzisha vitanzi 150 ukitumia sindano ya milimita 6, kisha hamia ya 5. Ulegevu huu si mapambo. Pindo la nakshi hii lazima lipinde kufuata wimbi, na vitanzi vya mwanzo vikikaza pindo hubaki limenyooka na kujikunja juu. Hakuna pasi itakayolirudisha.

Fuma mistari miwili ya pleni tupu. Katika wa pili weka alama: baada ya vitanzi 3, kisha baada ya kila 18. Zitafika tisa, na baada ya ya mwisho vitabaki vitanzi 3.

Hatua ya 3: wimbi

Mstari wa 1 (uso): pleni vyote.
Mstari wa 2 (mgongo): pleni 3, pali hadi vibaki 3, pleni 3.
Mstari wa 3 (uso): pleni 3, *mbili-pamoja mara 3, kisha (tundu, pleni 1) mara 6, kisha mbili-pamoja mara 3*, rudia toka nyota hadi nyota kwa kila wimbi, malizia pleni 3.
Mstari wa 4 (mgongo): pleni vyote.

Mistari hii minne tuiite seti. Kila wimbi linapunguza vitanzi sita na kuongeza sita, ndiyo maana linabaki 18. Mahali pa kupunguza panazama, mahali pa matundu panapanda, na mstari wa 4 unaacha tuta kwenye uso linalofuata mkunjo huo.

Mwisho wa kila mstari wa 3, hesabu vitanzi kati ya alama na alama. Ukikuta 17, umesahau tundu. Subiri: katika mstari wa 4, ukifika mahali pake, inua uzi uliolala kati ya vitanzi viwili, uuweke kwenye sindano ya kushoto na uufume kawaida. Usiufume kwa kupitia nyuma, utausokota na shimo litazibika. Ukikuta 19, kuna mbili-pamoja uliyoipita. Rudi nyuma kitanzi kwa kitanzi, si mbali. Alama hazitahama zenyewe, kwa sababu nakshi inaanza na kuishia kwa mbili-pamoja, mbali na matundu. Mifumo mingi ya matundu haina huruma hii.

Kila baada ya seti tano pitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano, mara tu baada ya mstari wa 4, bila kuupitisha kwenye alama. Siku ukilazimika kufumua, utaishia hapo tu.

Hatua ya 4: rangi

Panga mabonge kwa mpangilio unaoutaka, kisha yapige picha kwa simu na uigeuze iwe ya nyeusi na nyeupe. Mabonge mawili yakitoka kijivu kilekile, mawimbi yake yatamezana hata kama moja ni kijani na jingine jekundu. Mpangilio usiokosea huanza na rangi nzito kwenye pindo na kupaa kuelekea nyepesi: bluu iliyokolea, zambarau, damu ya mzee, rangi ya machungwa, manjano ya haradali.

Kila kipande kina seti 40:

Rangi ya 1 peke yake: seti 6.
Mpito hadi ya 2: seti 4 za kupokezana (mpya, ya zamani, mpya, ya zamani).
Rangi ya 2: seti 5. Mpito: 4.
Rangi ya 3: seti 5. Mpito: 4.
Rangi ya 4: seti 4. Mpito: 4.
Rangi ya 5: seti 4.

Badilisha rangi kwenye mstari wa 1 tu. Hapo uso ni pleni, na mpaka unatoka safi. Ukibadilisha kwenye mstari wa 4, vinundu vya rangi ya zamani hutokeza juu ya tuta na kufanya nukta nukta. Wapo wanaozipenda, basi ziwe kwa kukusudia.

Wakati wa mpito usikate. Uzi unaosubiri upande nao ukingoni: mwanzoni mwa mstari wa 3 uzungushe mara moja na uzi unaofanya kazi. Usiuvute. Ukingo wa kulia unaokuwa mfupi kuliko wa kushoto ni kosa la kawaida la poncho za milia, na chanzo chake huwa ni uzi huu uliobanwa. Mpito ukiisha, kata na uache mkia wa sentimita 15.

Kama una mizani ya jikoni, pima bonge kabla na baada ya seti moja. Kwa uzi wa mita 240 kwa gramu 100 utaona gramu 5 hivi zimeondoka. Rangi ya 2 na ya 3 ndizo zinazokula zaidi, seti 18 kwa vipande vyote viwili, yaani karibu gramu 90. Ukiona mapema kuwa hazitoshi, punguza seti moja kwenye vipande vyote viwili.

Unapohesabu, hesabu matuta, usihesabu mistari. Tuta moja ni seti moja. Lile la kwanza kabisa, la pindo, usilihesabu.

Hatua ya 5: bega na shingo

Baada ya seti ya 40, hamia sindano ya milimita 4.5 na ufume mistari 6 ya pleni tupu kwa rangi ya 5, ukitoa alama. Mstari unaofuata: pleni 50, funga 50 kwa ulegevu, malizia pleni. Hapa ndipo wengi hupotea: ukimaliza kufunga, kitanzi kimoja kitakuwa tayari kwenye sindano ya kulia, nacho ni cha kwanza cha bega la pili, kwa hiyo fuma 49 tu. Hamishia mabega yote mawili kwenye uzi wa akiba. Fuma kipande cha pili vilevile.

Kutanisha uso kwa uso. Rudisha vitanzi 50 vya bega moja la kila kipande kwenye sindano mbili zinazolala sambamba, na kwa sindano ya tatu fuma pleni kitanzi cha mbele pamoja na cha nyuma, huku ukifunga. Mshono huu ni mgumu kidogo, na ndivyo unavyotakiwa, kwa sababu bega ndilo linalobeba uzito wote. Ukiunganisha kwa mshono laini usioonekana, bega litateleza hadi kwenye mkono. Rudia bega la pili.

Shingo itakuwa na uwazi wa sentimita 28 hivi. Kwa mwenye mabega membamba gawa 52, 46, 52, na baada ya kufunga ufume 51.

Hatua ya 6: maji na pini

Ficha mikia kwanza, kila mmoja ndani ya tuta la rangi yake upande wa mgongo, sentimita chache kwenda na chache kurudi.

Loweka dakika 20 kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo. Sufu usiisugue wala kuihamisha ghafla kutoka maji ya moto kwenda ya baridi; itaganda na kusinyaa, na haifunguki tena. Usikamue. Kunja ndani ya taulo, kanyaga, kisha tandaza juu ya mkeka uliofunikwa shuka, kivulini. Piga pini moja kwenye kila ncha ya wimbi la pindo, ukivuta chini. Shingoni panga pini karibu karibu kwa mstari ulionyooka, maana mawimbi hujaribu kufika hadi huko.

Akriliki haishiki umbo kwa maji peke yake. Ikikauka, pitisha pasi ya mvuke sentimita 5 juu yake bila kuigusa. Ikiguswa na pasi ya moto inalala bapa na kung'aa, na hiyo haina dawa.

Mwisho ni ubavu. Pima sentimita 30 kutoka begani kwa ajili ya mkono, shona sentimita 10 tu, na uache zilizobaki wazi hadi chini. Ukishona ubavu wote, unakuwa na sweta pana.