Somo: Kubadilisha boksi la fyuzi la zamani bila kuhatarisha nyumba

Wakuu, habari za jioni. Juzi nilifungua boksi la fyuzi kwenye nyumba ya zamani hapa Tanga. Kwenye kishikio cha ampia 15 hapakuwa na waya wa fyuzi. Mtu alikuwa amezungushia nyuzi tatu za waya wa shaba wa kawaida, taa zikawaka, wenye nyumba wakaridhika. Watoto walikuwa wanalala chumba ambacho waya wake hauna kinga yoyote. Nilitoka pale moyo ukiniuma, ndiyo maana naandika.

Shikeni hili kwanza: fyuzi au breka kazi yake ni kulinda waya ulio ukutani. Haikuwekwa kwa ajili ya friji wala tivii. Ukiweka breka inayozidi uwezo wa waya, waya wenyewe ndio unageuka fyuzi, na utaungulia darini ambako huuoni.

Hatua ya 1: Kagua bila kufungua. Gusa mfuniko kwa mgongo wa mkono: ukiwa wa moto, kuna kiungo kimelegea. Sikiliza kama kuna mlio wa kukaanga. Harufu kama ya samaki, na hakuna samaki, mara nyingi ni plastiki ya umeme inayoungua. Sisi wa pwani tuangalie pia kutu ya kijani kwenye shaba, maana hewa ya chumvi haina huruma.

Hatua ya 2: Jua ulichonacho. Maboksi mengi ya Kiingereza yana vishikio vyenye alama za rangi: nyeupe ampia 5, bluu 15, njano 20, nyekundu 30, kijani 45. Fyuzi hizi za waya zinaweza kuvumilia mzigo unaokaribia maradufu kabla hazijakatika. Kama ni breka za zamani, kuziwasha na kuzizima kwa kidole hakuthibitishi kitu. Ndani kuna bamba la metali mbili linalopinda kwa joto, na koili inayovuta shoti ikitokea. Kidole chako hakijaribu hata kimoja kati ya hivyo.

Hatua ya 3: Pima waya kabla ya kununua boksi. Hapa ndipo wengi wanapotupa hela. Boksi jipya juu ya waya wa mpira uliopasuka ni sawa na kupaka rangi ukuta uliooza. Fundi apime kwa mega ya volti 500, yaani kipimo kinachoonyesha kama ganda la waya bado linazuia umeme usivuje; njia yoyote ya umeme iliyo chini ya megaomu 1 haifai kuunganishwa.

Hatua ya 4: Umeme ukatwe kabla ya boksi. Ukizima mein swichi, nyaya zinazotoka kwenye mita ya LUKU kuja kwenye swichi hiyo zinabaki na umeme. Zinaua. Sili ya TANESCO, shirika la umeme, msiiguse, waombeni wao wakate. Na kazi afanye fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati.

Hatua ya 5: Kufunga. Taa, waya wa milimita mraba 1.5, breka ya ampia 6. Soketi, 2.5 kwa breka ya 20. Jiko la umeme, 6 kwa breka ya 32. Weka RCD ya milliampia 30, kifaa kinachokata umeme ukivuja, na hakikisha waya wa ardhini umefika ardhini kweli. Tahadhari ya rangi: kwenye nyaya za zamani za fezi tatu, bluu ni fezi (waya wenye umeme) na nyeusi ndiyo nyutro (waya wa kurudisha umeme). Kwenye nyaya mpya bluu ni nyutro. Usiamini rangi, pima.

Hatua ya 6: Andika jina la kila breka, kisha bonyeza kitufe cha T cha RCD. Isipokata, irudishe dukani.

MASWALI

*Shikamoo fundi. Breka ya hita ni 20, inakata kila asubuhi. Fundi wangu anataka kuweka 32.*

Marahaba mwanangu. Usikubali, kama waya ni 2.5. Hita ya wati 3,000 inavuta ampia 13 tu, kwa hiyo 20 inatosha kabisa. Akague skrubu za breka kwanza: ikilegea inapata joto, na joto hilo linaikatisha mapema. Kisha apime hita.

*Mkuu, tumeweka RCD sasa inakata ovyo. Zamani haikuwa hivi.*

Zamani umeme ulikuwa unavuja na hakuna aliyejua. Chomoa vifaa vyote, rudisha kimoja kimoja. Ikikata hata bila kifaa, fundi atafute nyutro iliyochanganywa na ya njia nyingine. Usikubali mtu aunganishe waya kuiruka hiyo RCD.

*Niko Marekani, apatimenti ya zamani. Panelo imeandikwa Federal Pacific, Stab-Lok.*

Ndugu, hiyo ni ya kubadilishwa. Ziliuzwa sana miaka ya 1950 hadi 1980, na breka zake zinajulikana kwa kushindwa kukata mzigo ukizidi. Tume ya usalama wa bidhaa ya huko ilifunga uchunguzi mwaka 1983 kwa kukosa fedha za vipimo zaidi. Haikusema ni salama. Mwandikie mwenye nyumba, utunze nakala.

*Kaka, sina hela ya kubadilisha yote mwaka huu.*

Pole dada. Kesho nunua kadi ya waya wa fyuzi, ni bei ndogo. Zima mein swichi, vuta kishikio kimoja kimoja, na popote ulipowekwa waya wa kawaida rudisha ule wa ampia zake: 5 kwa taa, 15 kwa soketi. Ukipata hela ya kwanza, iende kwenye RCD na waya wa ardhini. Boksi lenyewe litafuata.