Kabla Hujaingia Darasani Kufundisha Umeme: Mambo ya Kuzingatia

Haya ni kwa walimu wenzangu wa fizikia, hasa mnaoanza kazi, na kwa vijana wanaofundisha tuisheni jioni.

Jaribu vifaa vyako jana yake. Betri zilizokwisha zimeharibu vipindi vingi. Ammita iunge mfululizo na taa. Ukiiweka moja kwa moja kwenye ncha za betri utaiunguza. Voltimita iunge sambamba. Nyaya zilizochunika, tupa.

Safisha maneno kabla ya hesabu. Mtoto akisema "nguvu" huenda anamaanisha kani, huenda nishati, huenda hata volti, na wewe ukiitikia tu mtapishana kipindi kizima. Neno "uzito" nalo ni hivyo hivyo. Dukani tunasema sukari ina uzito wa kilo 2, kumbe kilo 2 ni tungamo, yaani wingi wa sukari yenyewe. Uzito wake, yaani kani ambayo dunia inaivuta nayo, ni karibu niutoni 20. Yaandike yote mawili ubaoni, usiyafute mpaka kengele ilie.

Kwa mwendo, daladala inatosha. Dereva akikanyaga breki ghafla, waliosimama wanaenda mbele, na hakuna aliyewasukuma: miili yao inaendelea na mwendo iliyokuwa nao. Usithubutu kuwaambia kuna "kani ya kwenda mbele". Utaikuta kwenye karatasi zao za mtihani hadi kidato cha nne.

Kwa matumizi ya umeme, tumia LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Uniti 1 ni umeme unaotumiwa na kifaa cha kilowati 1 kikiwaka saa 1. Wakishajua hivyo wataanza wenyewe kupiga hesabu za vifaa vya nyumbani.

Sasa hili lililoniumiza. Chunga sana sentensi fupi tamu. Yangu ilikuwa "umeme hufuata njia rahisi". Niliisema miaka mingi, wanafunzi wakaiimba. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa akichemsha maji ya kuoga kwa hita ya kutumbukiza kwenye ndoo. Ganda la hita lilikuwa limepasuka. Yuko pekupeku, sakafu ya saruji imelowa, akatia vidole kuonja kama maji yameshapata moto. Mkono ukakakamaa. Kaka yake alikuwa mlangoni, akazima swichi ya ukutani. Angemshika kumvuta, tungekuwa na wawili.

Alirudi shuleni na bandeji, akaniambia bila kinyongo: "Mwalimu, nilijua umeme utapita kwenye hita, maana ndiyo njia rahisi kuliko mimi." Nilikaa kwenye dawati la mbele, sikuweza kusimama. Mtoto alikuwa amenisikiliza vizuri kabisa.

Kipindi kilichofuata tulipiga hesabu hiyo pamoja, na mpaka leo naipiga kila mwaka. Hita ya wati 1,000 kwa volti 230 ina ukinzani, yaani uwezo wa kuzuia umeme, wa karibu omu 53. Mwili uliolowa, tuseme omu 1,000. Ukiviunga sambamba, hita inachukua ampea 4.3, mwili unachukua 0.23. Ni kweli, sehemu kubwa imepita njia rahisi. Lakini hata ampea 0.1 ikipita kifuani inaweza kusimamisha moyo. Umeme hupita kila njia iliyo wazi, na kila njia inapata fungu lake kulingana na ukinzani wake. Hiyo ndiyo sentensi ya kuwapa, hata kama ni ndefu.

Kwa hiyo kabla ya kipindi, chukua kila mfano wako ujiulize: mtoto akiuamini huu neno kwa neno akiwa peke yake bafuni, itakuwaje? Mfano wa maji kwenye bomba nao una hatari yake. Bomba likikatika maji yanamwagika, waya ukikatika umeme haumwagiki, ila ncha yake bado ina umeme. Waambie waziwazi.

Mengine ni tahadhari za kawaida. Usilete darasani kifaa cha kuchomeka ukutani bila kukikagua waya, plagi na fyuzi. Waya wa asi, ule wa kupeleka umeme ardhini, usikatwe kwa sababu eti soketi ina matundu mawili. Mikono iwe mikavu, viatu viwe miguuni, na wewe pia. Swichi kuu ijulikane iko wapi, na mwanafunzi aliye karibu nayo aambiwe kabla hujagusa chochote.