Uniti zinaishia wapi: kupima na kupunguza umeme na gesi nyumbani

Kabla ya kubadilisha chochote, ijue bei ya uniti moja. Kwa viwango vya 2016 vya EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati Tanzania, aliye kwenye T1 (kundi la matumizi ya kawaida) hulipa shilingi 292 kwa uniti. Ukiweka makato ya VAT 18%, REA (umeme vijijini) 3% na EWURA 1%, inafika kama 356. Ndiyo maana LUKU (umeme wa kulipia kabla) ya 10,000 hutoa uniti 28. Aliye D1 (kundi la matumizi madogo ya nyumbani) hulipa 100 kwa kila uniti katika 75 za kwanza za mwezi (zote 9,150 pamoja na makato), na kuanzia ya 76 kila uniti ni 350 kabla ya makato. Kwa D1, kubaki chini ya uniti 2.5 kwa siku kuna faida kuliko ujanja mwingine wowote. Kwa T1, ununue kidogo kidogo au kwa mkupuo, bei ya uniti ni ileile, maneno ya mtaani yasikusumbue. Ila ununuzi wa kwanza wa mwezi hukatwa kodi ya jengo, kwa hiyo usiupigie hesabu.

Sasa pima. Mita ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa namba, mfano 1000 imp/kWh, yaani ikipepesa mara 1000 uniti moja imeisha. Chomoa kila kitu, washa kifaa kimoja, hesabu sekunde za mipepeso kumi, gawa kwa kumi. Kwa mita ya 1000, gawa 3,600 kwa sekunde ulizopata: mpepeso mmoja kila sekunde 36 ni wati 100, kila sekunde 1.8 ni wati 2,000. Kwa mita ya 1600 gawa 2,250. Mita ikiwa juu ya nguzo usipande; soma uniti kwenye rimoti (kifaa cha kuingizia tokeni), subiri saa kadhaa, soma tena.

Kipimo hicho kina kazi nyingine. Ukishachomoa vyote na kuzima taa zote, mita ikiendelea kupepesa, umeme unavuja kwenye nyaya (mara nyingi ukuta wenye unyevu au swichi ya nje) au kuna mtu amejiunga kwako. Zima swichi kuu: mpepeso ukikoma, tatizo liko ndani ya nyumba, usipokoma, liko kati ya mita na swichi kuu. Hapo ita fundi mwenye leseni, usifungue mwenyewe.

Katika nyumba nyingi mla uniti si balbu wala televisheni. Ni chochote kinachopasha au kupoza.

Anza na maji ya moto. Hita ya tangi la lita 50 ikipasha kutoka nyuzi 25 hadi 60 inakula uniti 2, kama shilingi 710, na ukiiacha imewashwa kutwa inarudia kupasha joto linalopotea. Ndoo ya lita 10 ya vuguvugu la nyuzi 40 inahitaji uniti 0.17, kama shilingi 60. Washa hita nusu saa kabla ya kuoga, kisha zima. Hita ya bomba la mvua ya wati 4,500 inakula uniti 0.75 kwa dakika kumi, basi punguza dakika. Maji ya chumvi ya visima vya pwani huacha ukoko kwenye koili. Hita huchelewa kupasha, mwishowe koili huungua.

Friji inafanya kazi usiku na mchana, kwa hiyo kasoro ndogo inakuwa pesa. Bana karatasi kwenye mlango kisha ivute: ikitoka bila kukaza, mpira umelegea. Uoshe kwa sabuni, ukande kwa kitambaa cha maji moto urudi umbo, na ukishindikana ubadilishwe. Acha sentimita 10 nyuma, mbali na jiko. Namba kubwa kwenye kitufe ni baridi zaidi. Wengi hudhani kinyume, wakaweka 7 wakitafuta nafuu. Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, yeyusha, usiikwangue kwa kisu, utatoboa bomba la gesi.

Kiyoyozi: nyuzi 25 au 26, chujio lioshwe kila wiki mbili, na feni isaidie. Pampu ya maji ikiwaka usiku hakuna anayechota, tafuta tangi la choo linalovuja. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa tano kwa siku inakula uniti 9 kwa mwezi, LED ya wati 9 haifiki 1.5.

Jikoni hesabu ni nyingine. Plati ya gesi ikiwaka kwa nguvu hula gramu 150 hadi 200 kwa saa, hivyo mtungi wa kilo 15 ni saa 75 hadi 100 za moto mkali. Maji yakishachemka hayapati moto zaidi hata ukiongeza gesi, basi punguza na ufunike. Maharage yaloweke usiku kucha. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 huyaivisha kwa takriban nusu uniti, kwa sababu likishajenga presha huwaka kwa vipindi. Mbeya, ambako maji huchemka kwenye nyuzi kama 94, faida yake ni kubwa zaidi.

Moto wa njano unaochafua sufuria unamaanisha hewa haitoshi. Osha kichwa cha plati, kikauke kabisa. Tundu la gesi lisafishwe kwa brashi laini. Sindano ya chuma hulipanua na jiko litakula zaidi. Mpira na regyuleta vipakwe povu la sabuni: mapovu yakifura, gesi inavuja, funga mtungi na ufungue milango.

Ukinunua gesi, pimisha mtungi kwa wakala. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma (TW). Kwa mtungi wa kilo 15, ongeza 15 na mzani lazima usome hivyo. Nyumbani, toa TW kwenye uzito wa sasa na utajua kilo zilizobaki bila kuutikisa.